Hawachoki Alilala Mlangoni

Ndoto hii imenijia usiku wa kuamkia leo, ndani ya hema, na kabla hujasema nilikula vibaya, nakuambia nilikula viazi na maharage kama Mkristo mwingine yeyote. Sikuwa na homa. Sikuwa nimegombana na mtu, isipokuwa mume wangu, na huyo nagombana naye kila siku bila kuota.

Nianze na mume wangu, maana yeye ndiye chanzo. Baba Suma ni mwalimu wa sayansi katika shule yetu ya msingi. Mwaka juzi alikwenda mnadani kutafuta suruali, akarudi na hema la mtumba, la kijani, lenye zipu ndefu ya shaba. Tangu hapo shule zikifungwa tu, ananichukua kunipeleka juu milimani kulala chini, na kitanda tunacho. Majirani wanacheka mpaka wanashika mbavu. "Mama Suma, safari hii mmekimbia vita gani?" Mimi nacheka nao, halafu nabeba sufuria nakwenda. Ukweli ni kwamba napenda. Ukishapita mashamba ya pareto na msitu wa mianzi, unatokea kwenye uwanda wa majani ambako hakuna mtu wa kukuomba chumvi.

Safari hii tulikwenda na Hawachoki, mbwa wa marehemu mama yangu. Jina hilo mama alimpa kwa ajili ya wale waliokuwa wakimsengenya, ili kila jioni akimwita kwa sauti, ujumbe uwafikie. Sasa amezeeka, mdomo umeota mvi, lakini ukishika fimbo na mfuko anatangulia njiani.

Mama alipokuwa anatutoka hakuacha wosia mrefu. Shamba alisema tugawane, ng'ombe auzwe. Ilipofika zamu ya mbwa, alinishika mkono. "Baridi haitoki juu, mwanangu, inatoka chini," aliniambia. "Mtandikie nyasi kavu. Asilale ameloa. Asilale na njaa, maana tumbo la mbwa ni jiko, na jiko halilali tupu. Huyu asinifuate upesi." Nikaitika, nikalia, nikaitika tena.

Usiku wa kwanza huku juu Hawachoki alitetemeka. Usiku wa pili alitetemeka zaidi, na asubuhi hakuinuka mpaka nilipomsugua masikio kwa muda mrefu. Nikamwambia Baba Suma tumlaze katikati yetu. Akasema mbwa ni mlinzi, mahali pake ni mlangoni, tangu enzi za mababu. Na mimi nimelelewa hivyo hivyo, sikubisha sana.

Tulitaka kuteremka jana, ukungu ukatuzuia. Ardhi ilikuwa imeganda kwa sakitu, ule umande unaogeuka barafu, hata vigingi vya hema vilikataa kuingia, tukafunga kamba kwenye mawe. Jioni Hawachoki akatumbukia kijitoni. Nilimkausha kwa kitenge changu mpaka kitenge kikawa cha kukamua. Nyasi zote zilikuwa zimeloa, basi nikamwekea gunia tupu pale mlangoni, mahali ambapo turubai la chini linaishia na udongo unaanza. Chakula alikinusa tu, akakiacha. Nikasali, nikalala, lakini roho haikutulia.

Naota nimelala humo humo hemani. Wa kwanza kunisemesha ni zipu.

"Mama Suma," inasema, "kuna mtu."

Inasema kwa kubana meno, maana ina meno tu, mdomo haina.

"Yuko wapi?"

"Hayuko upande wangu. Mimi nalinda huku. Huyo amekuja kwa chini."

Ndipo nasikia hodi. Haitoki mlangoni. Inatoka chini ya mgongo wangu, mahali ambapo mtu mwenye haya hawezi kusimama na kubisha. "Hodi humu," sauti inasema, ya taratibu, ya mtu aliyelelewa vizuri. Na mimi nimefundishwa tangu mdogo kwamba hodi haiachwi ikining'inia. Kabla akili haijafika, mdomo umeshajibu.

"Karibu."

Turubai linavimba katikati. Kinatokea kichwa, kisha mabega, kisha mwanaume mzima amekaa mbele yangu, na turubai halijachanika hata uzi. Amevaa koti la suti la kijivu na mabuti ya mvua. Kofia kaishika mkononi. Mimi nikipumua unatoka mvuke. Yeye akipumua hakitoki kitu.

"Asante kwa kunikaribisha," anasema. "Hii ni mara ya tatu."

"Sijawahi kukukaribisha popote."

"Jana nilipiga hodi ukaitika. Na usiku wa kabla yake ukaitika. Ulikuwa usingizini. Una malezi mazuri, Mama Suma, hata ukilala adabu inakesha."

Hakuna aliyeniambia ni nani, lakini nilimjua. Hofu ilinipanda kutoka kwenye nyayo, ikapita magotini, ikakaa tumboni. Nilijaribu kumwamsha Baba Suma. Baba Suma alikuwa amekunjwa. Amekunjwa vizuri kama mkeka, amefungwa kamba mara mbili na kuegemezwa ukutani mwa hema, fundo la mwisho likiwa limepita juu ya masharubu.

"Mama Suma, nifungue," alisema kutoka ndani.

"Ngoja kwanza, tuna mgeni."

"Amekula?"

"Bado."

Mgeni alikohoa kidogo, kama wanavyokohoa watu wanaotaka kurudi kwenye shughuli. "Msihangaike. Mimi nakula kwa mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba ni mimi na mume wangu," nikasema.

"Hapana." Alinitazama kwa huruma. "Kwenu desturi ikoje? Watoto na wageni wanalala ndani, karibu na moto. Mwenye nyumba analala mlangoni ili kitu kikija kianze naye. Sasa niambie, hapa mlangoni analala nani?"

Sote tukatazama mlangoni. Hawachoki alikuwa juu ya gunia lake, amejikunja, pua chini ya mkia. Alifungua jicho moja.

"Huyo ndiye mwenye nyumba," mgeni alisema. "Na hana choyo. Usiku wa kwanza alinipa miguu. Usiku wa pili akanipa masikio. Leo nimefuata kilichobaki."

Nikamwuliza mbwa, "Hawachoki, ni kweli uliahidi hivyo?"

"Mgeni hafukuzwi," Hawachoki akajibu. Sauti yake ilikuwa ya mzee wa kanisa aliyechoka. Sikushangaa kwamba anasema. Nilishangaa kwamba hajawahi kulalamika. "Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Na wewe umepona?"

"Sijapona. Lakini nimekuwa nikingoja."

Nilimwendea kwa magoti. Nilipomgusa ubavu, nikaona pana kijimlango, kile kile cha jiko la mkaa, cha kutolea majivu, na bawaba yake ina kutu. Nikakifungua. Ndani kulikuwa na majivu mengi na kaa moja tu lililo hai, dogo kama punje ya hindi. Linawaka, linafifia, linawaka. Kila linapofifia Hawachoki anafumba jicho.

"Jiko halilali tupu," zipu ikasema kwa kubana meno.

"Najua!"

"Nakukumbusha tu."

Nikachukua kile chakula alichokikataa jioni, nikakitia mlangoni mwa jiko. Kilikuwa kimeganda. Kikagonga majivu kama kokoto na kaa likazidi kufifia. Nikamgusa tumbo kwa chini, na chini ya tumbo nikakuta viganja viwili vimekingwa, vinatoka kwenye udongo, vinangoja kimya kimya. Vilikuwa vya mgeni. Amekaa pale mbele yangu, mikono yake yote miwili iko kwenye mapaja, na bado viganja vile vilikuwa vyake.

"Inatoka chini," nikasema.

"Mama yako alikuwa mtu makini," mgeni akajibu.

Hapo nikafanya nililoweza. Nilimfungua Baba Suma kamba, nikamkunjua, nikamtandika chini ili mbwa amlalie.

"Mwalimu wa sayansi hatandikwi," Baba Suma alilalamika, uso ukiwa umetazama udongo.

"Nyamaza. Vuta miguu. Unafika wapi?"

Hakufika. Nikimvuta kichwani, miguu ya mbwa inabaki nje. Nikimvuta miguuni, kichwa kinabaki nje. Viganja vya mgeni vinahama polepole, vinafuata pale palipo wazi, wala havina haraka. Machozi yalianza kunitoka na yaliganda yakiwa bado shavuni. Nikayabandua nikayaweka pembeni.

"Nahitaji nyasi kavu," nikaiambia zipu.

"Uwanda mzima hakuna. Zipo kwa mama yako tu."

"Basi nifungulie kwa mama."

Zipu ilisita. Nilisikia meno yake yakigongana. "Nitafungua. Lakini usikae huko, Mama Suma. Na akiwa ameinama, usimwombe ainue uso."

Nikamtazama mgeni. Yeye alikuwa ameshamwinua Hawachoki na kumpakata, kama wageni wanavyompakata mtoto wa mwenyeji. Alimpapasa shingo. Kila mkono ulipopita, manyoya yaligeuka meupe.

"Nenda tu," alisema. "Nitakaa na mwenye nyumba."

Zipu inafunguka, natoka, na nje ni mchana. Niko jikoni kwa mama. Jiko lile lile la matofali mabichi, moshi ule ule unaochoma macho, mafiga yale yale matatu na moja lina ufa. Mama ameketi kwenye kigoda, ananipa ubavu, anamenya viazi. Maganda yanatoka marefu bila kukatika. Hainui uso. Nami najua, bila kuambiwa, kwamba akiniangalia sitarudi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umemlaza chini."

Sikuwa nimesema kitu bado. "Nimemwekea gunia."

"Gunia." Alimenya kiazi kizima kabla hajaendelea. "Mimi nilisema gunia?"

"Ulisema nyasi kavu."

"Kumbe ulisikia. Nilidhani masikio umempa mumeo akafundishie."

Hata katika ndoto, hata mfu, mama alijua kunichoma. Nikataka kucheka na nikataka kumkumbatia, na vyote viwili nikaviogopa. Ndipo macho yangu yakaenda pembeni ya mafiga. Pale palikuwa na kitanda cha nyasi. Kimetandikwa vizuri, nyasi kavu za kahawia, nene, na katikati pamebonyezwa kishimo cha duara kinachomtosha mbwa aliyejikunja. Hakuna aliyelala humo.

"Mama, hicho ni cha nani?"

"Unauliza jibu."

"Umemwita?"

"Sijamwita," mama akasema. Kisu chake kilisimama. "Nimemtandikia, maana nimeona wewe humtandikii. Mtu akisikia mgeni yuko njiani anaandaa. Lakini kumwita sijamwita. Nilikwambia asinifuate upesi, na neno langu ni lile lile. Chukua hizo nyasi. Siku yake ikifika nitamkatia nyingine."

Nikazikusanya kwa mikono miwili, zote, nikazifunga kwenye kitenge. Zilikuwa na joto. Nikaona shimo lile la duara linaondoka sakafuni na nyasi zake, ikabaki sakafu tupu, na pumzi ikanirudi kidogo. Mama akatoa viazi kutoka chunguni, vya moto, akavipondaponda na mafuta kwenye bakuli la bati, akalisukuma nyuma bila kugeuka.

"Hili ni la jiko," akasema. "Usilionje njiani, nakujua."

"Asante, mama. Lakini yule mgeni bado amekaa. Kampakata. Siwezi kumfukuza, nilimwitikia hodi."

"Uliitika ukijua ni nani?"

"Niliitika tu."

"Hilo si kosa lako, ni malezi yangu," mama akasema, na hiyo ndiyo sentensi pekee aliyoisema kwa upole. "Amelala kwenu usiku ngapi?"

"Huu wa tatu."

"Sasa wewe umekuja kunililia nini? Mgeni siku mbili. Ya tatu?"

Nikatazama vidole vya miguu yangu kama mtoto darasani.

"Ya tatu, Mama Suma?"

"Mpe jembe."

"Lipo nyuma ya mlango."

Lilikuwepo, jembe lake la zamani, mpini umelainishwa na viganja vyake. Nikalibeba begani, bakuli mkono mmoja, kitenge cha nyasi kichwani. Nikiwa mlangoni nikasikia kigoda kinalia, kama vile mtu anageuka. Nikatoka mbio bila kuaga. Hilo litaniuma siku nyingi.

Nje si uwanda. Ni shamba la mama, matuta marefu yamenyooka, na kila tuta ni jeupe kwa sakitu. Nakimbia mferejini. Viazi vinaniita kutoka udongoni, kwa sauti ndogo ndogo. "Tufunike. Wewe mwenye nyasi, tufunike."

"Si zenu."

"Tufunike hata shavu moja tu."

"Si zenu, nisameheni, ni za mbwa."

Mbele naliona hema, kijani, dogo kama kiganja. Nakimbia na halikui. Mkononi bakuli linapoa, nahisi bati linavyopoteza joto kidole kwa kidole. Shamba linarefuka. Kule ndani ya hema namsikia mgeni anambembeleza Hawachoki kwa wimbo wa kubembelezea watoto, anauimba vizuri sana, na hicho ndicho kilichonitisha kuliko vyote, kwamba hana hasira. Nikaanza kupiga kelele. "Hawachoki! Hawachoki!" Kama mama alivyokuwa akiita jioni. Na kutoka mbali, likiwa dogo, nikasikia bweko moja. Moja tu. Nikalishika hilo bweko kama kamba, nikavuta, na hema likaja.

Ndani, manyoya yote yalikuwa meupe isipokuwa pale penye kijimlango. Nikafungua. Kaa lilikuwa jekundu upande mmoja tu. Nikatia viazi vya mama. Kwanza moshi. Kisha kimya, na nikadhani nimechelewa. Kisha likadaka, pwa, na mwanga ukanipiga usoni.

"Mteremshe," nikamwambia mgeni.

"Bado sijamaliza."

"Leo ni siku ya tatu."

Mgeni aliacha kuimba. Nilimnyooshea jembe. Alilitazama, akanitazama, na kwa mara ya kwanza hakutabasamu.

"Anayempa mgeni jembe ni mwenye nyumba," alisema. "Wewe ni nani humu? Umelala ndani kabisa, umejifunika blanketi. Mwenye nyumba ni huyu nimpakataye. Aseme yeye."

Hawachoki akafungua kinywa. Nilijua atasema mgeni hafukuzwi. Maisha yake yote hajawahi kumfukuza mtu aliyekaribishwa.

Basi nikafanya haraka. Nilimwaga nyasi katikati, karibu na Baba Suma ambaye bado alikuwa ametandikwa kifudifudi. Nikamnyakua Hawachoki kutoka mapajani mwa mgeni, nikambonyeza ndani ya nyasi, nikamfunika blanketi langu. Kisha nikaenda mlangoni, nikalitupa gunia pembeni, nikajilaza chali juu ya udongo mtupu.

Sijawahi kuogopa vile. Vile viganja vikanipokea. Vilikuwa vipana kuliko nilivyodhani, vikanishika mabega, kiuno, visigino, kwa heshima zote, kama watu wanaopokea jeneza. Nikamwona mgeni ameinama juu yangu na kofia kifuani.

"Kumbe," akasema. "Sasa naongea na wewe."

"Unaongea na mimi."

"Unajua kwamba usiku huu ninachokula nakula kwako."

"Najua." Meno yalikuwa yananigongana hata zipu ikaniangalia kwa huruma. "Lakini hujala bado, na mimi nimesema kwanza. Mgeni, umelala kwetu vya kutosha. Jembe hili hapa."

Nilihisi kidole changu kidogo cha mguu wa kushoto kinaniaga, kama mtu anayezima taa ya chumba kimoja. Kisha, kwa kuwa alikuwa na malezi mazuri kuliko sisi sote, alipiga goti kidogo akalipokea jembe kwa mikono miwili.

"Nalima wapi?"

"Nje hapo."

"Nipande nini? Anayempa mgeni jembe anampa na mbegu."

Sikuwa na mbegu. Nilipapasa, mkono ukagusa gunia, bado lina manyoya na umbo la mbwa. Nikampa. Alilinusa, akalikunja vizuri, akaliweka kwapani.

"Mahali pake pa kulala," alisema. "Si haba. Lakini kumbuka, Mama Suma. Anayelima, huvuna."

Zipu ikamfungulia. Akatoka kama watu wengine wanavyotoka, kwa mlango. Na nje, kwenye ile ardhi iliyokataa vigingi vyetu, nikaanza kusikia jembe. Chup. Chup. Chup. Linakwenda polepole, la mtu asiyechoka, na kila pigo nilihesabu moyoni ni la mwisho, na halikuwa la mwisho.

Niliamshwa na Baba Suma.

"Mama Suma, wewe una nini? Mbona umelala mlangoni?"

Mwanga ulikuwa wa kijivu. Nilikuwa chali juu ya udongo, mgongo umeganda, kidole kidogo cha mguu wa kushoto hakina habari. Nikageuza kichwa. Hawachoki alikuwa katikati, ndani ya blanketi langu, kichwa kwenye kwapa la Baba Suma, anakoroma. Nikamwendea kwa magoti, nikampapasa ubavu. Hapakuwa na kijimlango. Palikuwa na joto, joto zuri la jiko lililofunikwa usiku kucha. Nikaweka shavu langu hapo, nikalia kwa sauti wala sikujali.

"Ananuka," Baba Suma akasema. Lakini mkono wake ulikuwa mgongoni mwa mbwa, na hakuuondoa. "Nilimkuta hapa usiku, nikadhani umemleta wewe. Nikaona tumwache tu. Mwili wake una joto kuliko wako."

"Gunia lake liko wapi?"

"Nitajuaje mimi habari za gunia?"

Nikavaa mabuti nikatoka. Ukungu ulikuwa umeinuka. Uwanda mzima ulikuwa mweupe na mgumu, unalia chini ya mguu. Na hatua moja kutoka mlangoni palikuwa na tuta. Tuta la viazi, moja tu, udongo mweusi uliogeuzwa, limechongwa pande zote kwa ustadi. Lilikuwa fupi. Urefu wake ni wa mbwa aliyejinyoosha. Upande mmoja ncha ya gunia imechomoza, kiasi cha kidole.

Baba Suma akaja nyuma yangu, akalitazama kwa kitambo huku anakuna kidevu.

"Fuko," akasema.

"Fuko gani, Baba Suma? Jana kigingi kimekushinda hapo hapo."

Aliingia hemani akaanza kukunja mikeka, na alikunja haraka kuliko nilivyowahi kumwona.

Mimi sikuthubutu kulivuta lile gunia. Nilisimama tu, na maneno ya mgeni yakanirudi, na nikajua kwamba neno lake lipo, hata kama si leo. Hapo Hawachoki akatoka. Alijinyoosha mbele, akajinyoosha nyuma, akajitikisa kuanzia masikio mpaka mkia. Kwenye manyoya ya ubavu alikuwa na majani matatu manne ya nyasi kavu, za kahawia, zenye harufu ya moshi wa jikoni. Akalisogelea lile tuta. Akalinusa upande huu, akalinusa upande ule, akatafakari kidogo kama mzee wa kanisa. Kisha akainua mguu, akalikojolea.

Mvuke ukapanda mwingi, mweupe, wa moto.

Nikamtoa zile nyasi moja moja, nikazifunga kwenye pindo la kitenge. Tukashuka kabla kwenye tuta hakijaota kitu.